Vigingi vya Mfuko

Kabla hakujapambazuka, ungo ulianza kusema. Chwa, chwa, kisha kimya kidogo, kisha chwa tena. Mkamwana alikuwa jikoni anapepeta mchele wa siku hiyo, chenga upande huu, vijiwe upande ule, na Bi Matuta, akiwa bado kitandani, alijua kwa sauti tu kwamba mkono ule haukuwa na haraka. Mwenye haraka hupepeta kama anayefukuza nzi. Huyu alipepeta polepole ili asimwamshe mama mkwe wake, asijue kwamba mama mkwe hakulala.

Bi Matuta akakaa ukingoni mwa kitanda, akatafuta kandambili kwa vidole vya miguu. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na watu wa bonde, kwa sababu tangu ujana wake aliyajua matuta yote yanayotenga majaruba ya mpunga: lipi limetobolewa na panya, lipi linabeba mtu na mzigo wake, lipi litamtupa mgeni kwenye tope mpaka kiunoni. Majirani wakigombea mpaka wa jaruba na jaruba walimwita yeye. Alikuja, akakanyaga mara mbili tatu, akasema, "Hapa." Ikawa hapo.

"Mama, umeamka?" mkamwana aliuliza kutoka jikoni.

"Nilale ningoje nini?"

"Uji uko tayari. Na maji ya kuoga nimekuwekea, ya uvuguvugu."

"Nani kakwambia natoka leo?"

"Viatu vyako. Jana umevifuta vumbi mara mbili."

Bi Matuta akacheka kidogo. Binti yule aliona mengi na kuuliza machache, na wakati mwingine kutoulizwa ni kama kupewa kiti. Akaoga, akavaa, akaja kukaa kwenye kigoda karibu na jiko.

"Unakwenda kwenye ile tume ya mipaka?" mkamwana alisema, macho kwenye ungo. "Leo ndiyo mwisho wao. Saa tisa wanafunga."

"Nitafika. Lakini naanzia ng'ambo."

Ungo ukanyamaza. "Kwa shangazi?"

"Kwa wifi yangu, ndiyo."

"Mwaka wa nne huu, mama, hujakanyaga kule."

"Wa tano. Nipe huo uji kabla sijaghairi."

Akaunywa kwa mafunda makubwa, bila kuusikia utamu wake. Watu husema majuto ni mjukuu. Ya kwake yalikuwa mjukuu aliyekwisha kuota ndevu.

Jua lilimkuta ameshaacha nyumba za mwisho, yuko juu ya Tuta Kubwa, fimbo mkononi. Kutoka pale mtu huliona bonde zima. Ni kama sinia lililoinamishwa upande mmoja. Juu, chini ya vilima, mto unaingia na kukutana na banio, ukuta wa zege unaoyageuza maji yaingie mfereji mkuu. Mfereji mkuu unatambaa kando ya vilima, na kutoka kwake inashuka mifereji sita, kila mmoja na lango lake la chuma la kufungua na kufunga. Kati ya mifereji ndimo yalimo majaruba, mamia kwa mamia. Chini kabisa, maji yaliyochoka huingia kwenye kinamasi cha matete, na nyuma ya kinamasi ndiko inakopita barabara kubwa.

Zamani bonde lote lilikuwa tarafa moja ndani ya wilaya moja. Watu wakaongezeka, wilaya ikaonekana kubwa mno kwa mkuu mmoja, ikakatwa vipande viwili. Karatasini vina majina marefu, lakini watu waliviita Juu na Chini, kama vitanda vya bweni. Juu ilipata kata mbili, banio, na malango yote sita. Chini ilipata kata tatu, kinamasi na barabara. Amri ilisema mpaka ufuate Mfereji wa Zamani, ule uliochimbwa na babu zao kabla banio halijajengwa. Ilikuwa amri ya busara. Waliokuwa juu ya mfereji ule walinywa maji ya malango, na waliokuwa chini yake walikuwa na kijito chao. Hakuna ambaye angelala na kiu.

Ila mpaka haukupita hapo. Ulipita juu ya tuta hili hili alilokuwa anatembea, ambalo linapinda kama mgongo wa paka, na kati ya tuta na Mfereji wa Zamani kukabaki kipande cha ardhi chenye umbo la mfuko. Watu walikiita Mfuko. Kaya kumi na moja ziliishi humo, na kwa mpindo huo zikaangukia Chini, wakati maji yao yanatoka lango la tatu, lililoko Juu.

Bi Matuta akasimama mbele ya kigingi cha kwanza. Zege lake lilikuwa limeota ukungu, namba haisomeki vizuri. Akakigusa kwa fimbo, kisha akapita. Vilikuwa kumi na vinne kwa jumla. Hakuhitaji kuvihesabu.

Ni yeye aliyewaonyesha wapimaji njia.

Miaka thelathini na moja iliyopita wapimaji walipokuja, mvua ilikuwa imefanya bonde zima kuwa kioo kimoja cha maji. Aliyetakiwa kuwaongoza alikuwa mumewe, mgawa maji wa bonde, mtu aliyefungua na kufunga malango kwa zamu na kutunza amani ya watu wenye majembe mikononi. Lakini mumewe alikuwa kitandani, homa imemkunja. Na mwezi ule ule kamati ilikuwa inaamua kama aendelee na kazi au apewe mwingine. Mgawa maji mgonjwa ni mgawa maji wa zamani. Basi mkewe akavaa koti la mvua la mumewe, lile la manjano lililotolewa na kamati, la pekee bonde zima, akavuta kofia usoni, akaenda yeye. Kwa mbali nani angejua?

Mpima aliyekuja alikuwa kijana tu, sauti bado nyembamba. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekatwa na kipande cha bati siku mbili kabla, umevimba kama kiazi kikuu, na kila akiutia majini alifumba macho. Wenzake wawili walibeba mnyororo na vigingi vya mti, wakamwacha nyuma. Mfereji wa Zamani ulikuwa umejaa matete na ruba, maji ya kifua. Bi Matuta alimtazama kijana yule akakumbuka mdogo wake mwenyewe. Akasema, "Mwanangu, pita huku juu kwenye tuta. Ni pakavu. Tutakutana na mfereji mbele."

"Si tutapotea njia, mama?"

"Na mimi nipo?"

Kijana akamshukuru kama aliyeondolewa mwiba. Wakapita juu ya tuta, na kila hatua mia wenzake wakapigilia kigingi hapo hapo walipokuwa. Alipowauliza, mpima akasema, "Hivi ni vya muda tu, mama. Kiangazi watakuja wenyewe kuweka vya zege kule mferejini." Na kitabuni, mahali pa jina la kiongozi wa njia, akaandika jina alilokuwa amepewa ofisini, jina la mumewe.

Kiangazi wakaja wengine. Hawakumuuliza mtu. Walipokuta kigingi cha mti waling'oa, wakamwaga zege shimoni. Bi Matuta aliwaona kwa macho yake, akiwa na mzigo wa miche kichwani. Angeweza kuutua akawaambia, "Jamani, si hapo." Neno moja tu. Lakini wangeuliza nani aliwapitisha pale, na kwa nini mgawa maji hakuja mwenyewe. Akaendelea na mzigo wake.

Huo ndio uliokuwa msiba wake, kuliko tuta lenyewe. Mguu wa yule kijana hakuujutia. Aliujutia mzigo ambao hakuutua.

Nyumba ya wifi yake ilikuwa ya tano katika Mfuko, yenye paa la bati lililopauka. Wifi alimzidi umri kwa miaka saba. Alikuwa dada mkubwa wa marehemu mumewe. Tangu mpaka uwekwe, watu wa Juu walimwita Bi Ng'ambo, ingawa alizaliwa kwenye kitanda kile kile alichozaliwa mgawa maji, na kutoka barazani kwake ungeiona bendera ya ofisi ya kata ya Juu. Alipofiwa na mume ilimlazimu azunguke kinamasi, siku mbili kwenda na kurudi, kutafuta cheti cha kifo kwenye makao ya Chini. Watoto wake walihamishiwa shule ya huko, na walipozoea kwenda mbali hawakurudi tena. Majaruba yake, yaliyokuwa yakijaa maji mpaka vyura wanakera, sasa yalikuwa na mtama mwembamba na mbuzi.

"Hodi."

"Hodi nani? Kama ni wa chanjo ya mbuzi, mbuzi wametoka."

"Ni mimi, wifi."

"Wifi yupi? Mimi nilikuwa naye mmoja. Nikasikia amekuwa mtu mkubwa huko Juu, haonekani."

"Ukubwa gani, na kidole gumba ndiyo saini yangu?"

"Haya, karibu. Usikalie hicho, mguu wake mbovu. Kaa hiki. Sitaki uvunjike kiuno kwangu, waseme Chini tumeua mtu wa Juu."

Bi Ng'ambo alikuwa amekaa mkekani, anashona magunia yaliyochanika kwa sindano ndefu. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akashona kwa kupapasa. Hata hivyo aliinuka, akamiminia mgeni chai kwenye kikombe chenye mkono, yeye akachukua kile kilichovunjika mkono. Bi Matuta aliliona jambo hilo, likamwuma. Kupigwa kungekuwa rahisi zaidi.

"Umenenepa," alisema Bi Ng'ambo.

"Ni nguo."

"Basi nguo zimenenepa. Mkweo anakulisha vizuri. Hajambo yeye?"

"Hajambo. Wifi, nimesikia juzi ulikwenda kwenye tume."

Sindano ikaingia guniani, ikatoka. "Nilikwenda. Walitangaza kila mwenye kujua aseme. Mimi najua."

"Nilisikia ulichosema."

"Mashine ya kukoboa ina mdomo kuliko redio. Umekuja kunigombeza? Nilisema niliyoyaona. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni, mvua inanyesha, nikamwona mdogo wangu na koti lake la manjano anawapitisha wapimaji juu ya tuta, anaizunguka nyumba yangu kama mtu anayezunguka choo. Wiki ile tulikuwa tumegombana, kisa majaruba ya baba. Akanikata na serikali. Nimewaambia waandike hivyo hivyo. Kiongozi wa njia aliupindisha mpaka kwa ugomvi wa nyumbani. Ni uongo?"

Bi Matuta akaweka kikombe chini. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, kigingi kwa kigingi, na sasa hakuna hata moja lililobaki mahali pake.

"Lile koti," alisema, "nilikuwa nimelivaa mimi."

Bi Ng'ambo aliendelea kushona, mishono miwili mitatu. "Sema tena."

"Mdogo wako alikuwa na homa. Alikuwa hajitambui siku nne. Tuliificha kwa ajili ya kazi. Nikavaa koti nikaenda mimi. Mpima alikuwa na kidonda mguuni, nikamhurumia, nikampitisha pakavu. Haikuwa kwa ugomvi wenu wala nini. Sikuifikiria nyumba yako, wifi. Niliufikiria mguu wa mtoto wa watu. Wakapigilia pale. Walipokuja na zege niliwaona, nikanyamaza."

Alimweleza yote, hata mzigo wa miche. Mbuzi mmoja akarudi uani, akachungulia, akaondoka. Bi Ng'ambo alikuwa ameacha kushona.

"Na yeye? Alijua?"

"Nilimwambia jioni ile ile ya zege. Akanywa kikombe kizima cha chai. Kisha akaniambia, 'Dada ameshaamua ni mimi. Mwache anione mimi. Damu ikikasirika hurudi. Wewe umekuja kwa ndoa, akikukasirikia wewe hana cha kumrudisha.' Nikasema nije nikwambie. Akasema ngoja kwanza, atapoa."

"Nikapoa?"

"Hukupoa."

"Sikupoa," alisema Bi Ng'ambo polepole. "Alikuwa akituletea maji jioni, miaka ile ya kwanza. Anafungua lango kwa kujiiba, tunasikia mfereji unaguguma. Watoto wanafurahi. Mimi nawaambia, hiyo ni hatia inamtafuna. Kumbe hatia ilikuwa yako, wema wake."

Bi Matuta alijua yaliyofuata. Baadaye kamati ilitia kufuli kwenye lango la tatu, ikasema maji ya Juu ni ya watu wa Juu, na mgawa maji alikuja nyumbani siku ile akalala bila kula. Hilo nalo angelisema, lakini aliona limetosha.

"Alipougua ule ugonjwa wa mwisho," Bi Ng'ambo alisema, "ulinitumia mtu mara mbili. Sikuja. Nilimzika nikiwa nimesimama juu ya tuta, mikono nyuma, kama mpita njia. Miaka tisa sijakanyaga kaburi la mtoto niliyembeba mgongoni." Akapapasa ncha ya uzi. "Alinitaja?"

"Kila asubuhi. Kitanda tulikigeuza kikatazama huku. Macho yalikuwa hayafiki tena, basi ananiuliza, 'Paa la dada linatoa moshi?' Nikisema linatoa, anakubali kunywa dawa."

Bi Ng'ambo akaichomeka sindano kwenye gunia, akalikunja gunia mara mbili, mara tatu, akaliweka pembeni. Hakulia. Alitazama mlangoni, upande wa tuta, kwa macho yake yenye ukungu.

"Ungeniambia siku ile," alisema mwishoni, "ningekuzaba kofi. Tungelia. Jioni tungepika chungu kimoja."

"Najua."

"Hujui. Kama ungejua ungekuja." Akaokota kikombe cha mgeni, akaona chai haikunywewa, akakiweka tena chini. "Nenda ofisini kwako kabla hawajafunga."

"Twende wote, wifi. Nakushika mkono."

"Miguu yangu mizima. Sitaki kutembea na wewe leo."

Bi Matuta akainuka. Mlangoni akasikia nyuma yake, "Pitia kushoto. Lile tuta la kulia limebomoka tangu masika," akapitia kushoto.

Ofisi ya kata ilikuwa chumba kimoja chenye meza iliyowekewa karatasi chini ya mguu ili isiyumbe. Ukutani kulikuwa na kalenda ya mwaka jana. Karani, ambaye watu walimwita Muhuri kwa kupenda kugonga, alikuwa anajaribu kumweleza mzee mmoja kwamba tume haisikilizi kesi za mbwa.

"Lakini mbwa ni wa Chini na kuku alikuwa wa Juu," alisema mzee. "Kama huo si mpaka, mpaka ni nini?"

Afisa wa tume, mwanamke kijana mwenye miwani, alimwona Bi Matuta mlangoni, akainuka akampa kiti chake mwenyewe, akamimina maji kwenye glasi. "Kunywa kwanza, bibi. Umetoka mbali, viatu vinasema."

"Leo viatu vyangu vinasema sana."

Afisa akaitandaza ramani, akaikandamiza pembe nne kwa glasi, muhuri, jiwe na simu yake. Bi Matuta hakujua kusoma maandishi mengi, lakini bonde lile alilisoma mara moja. Banio hili. Lango la tatu hili. Mstari mwekundu ulishuka na Mfereji wa Zamani, ukauacha, ukatokeza kama tumbo la mja mzito, ukaurudia. Ndani ya tumbo vilikuwa vidoti kumi na moja. Akaweka kidole juu ya cha tano.

"Hapa nimetoka sasa hivi," alisema. Kisha akaanza.

Afisa aliandika kila neno. Mara moja tu aliinua kichwa. "Bibi, unaelewa kwamba ukisema wewe ndiye uliyeongoza, jina lako ndilo litakaloingia?"

"Ndilo nililokuja kuliingiza. Lake litoke."

Alipomaliza akasomewa yote, akatia kidole gumba kwenye wino, akagandamiza. Muhuri akagonga mara tatu, ingawa moja ingetosha.

Afisa akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitambaa. "Bibi, nisikufiche. Kwenye faili kuna maelezo ya juzi, ya mtu aliyeona kwa macho yake. Yanasema mpaka ulipindishwa kwa makusudi. Haya yako yanasema ni bahati mbaya. Nikipeleka yote mawili mkoani, watasema familia moja inajichanganya, na Mfuko unaweza kubaki ulivyo. Aliyetoa yale ya kwanza akija mwenyewe akayarekebisha, mambo ni mengine. Kaya zile zinaweza kurudi Juu, zikarudi kwenye zamu ya maji."

"Akija lini?"

"Mimi nipo mpaka saa tisa."

Bi Matuta akatoka, akakaa kwenye benchi la nje, fimbo katikati ya magoti. Ilikuwa saa saba kasorobo. Njia ya kutoka Mfuko ilionekana kutoka pale, isipokuwa mwisho wake wa mbali uliofichwa na mpindo wa tuta, nyembamba, inameremeta kwa joto. Alipita mwanamke na ndoo, watu wawili na baiskeli moja, na ng'ombe asiye na mtu. Mzee wa mbwa alikuja kukaa karibu yake, akamega nusu ya muhogo wake wa kuchoma, akampa bila kuuliza kitu. Walikula. Saa nane ikapita. Kila kivuli kilichotokea kwenye tuta alikipa mwendo wa wifi yake, na kila kivuli kilipokaribia kilikuwa cha mtu mwingine.

Saa tisa ikafika. Muhuri akaanza kukusanya vitu vyake kwa kelele. Afisa akachungulia njiani, akamtazama kikongwe kwenye benchi, akasema, "Wino huu bado haujakauka vizuri. Tungoje kidogo." Wino ulikuwa umekauka tangu saa saba. Wakangoja mpaka saa tisa na nusu, dereva wa gari la mkoa akipiga honi ndogo ndogo za adabu.

Kisha afisa akafunga faili kwa kamba, maelezo mawili mgongo kwa mgongo. "Akibadili nia anaweza kuandika barua," alimwambia. "Mwisho wa mwezi faili linafungwa. Nimeandika pembeni kwamba wewe umeniaminisha. Sijui kama watasoma pembeni, bibi."

"Umefanya zaidi ya kazi yako, mwanangu. Nenda salama."

Alirudi polepole, jua mgongoni. Njiani akaona majaruba ya Juu yamejaa, miche imesimama kijani, na upande wa pili wa tuta ardhi ile ile imepasuka kama kisigino. Yote hayo kwa sababu ya mtu mmoja aliyenyamaza kwa muda wa kupitisha mzigo wa miche. Mumewe alimwekea mwavuli wa jina lake, naye akakaa chini yake miaka yote ile, mkavu, na mwenye mwavuli akaloa mpaka akafa. Alikuwa amedhani kusema kutamtua kitu. Hakuona alichotuliwa.

Penye kidaraja cha magogo, mahali ambapo Mfuko unaishia na Juu inaanza, palikuwa na mtu amekaa chini, miguu inaning'inia juu ya mfereji mkavu. Alikuwa amevaa nguo ya kutokea, na mkoba mdogo pajani.

Bi Matuta akasimama upande wake wa daraja. "Wifi."

"Wamefunga?"

"Wamefunga."

"Niko hapa tangu saa sita," alisema Bi Ng'ambo. Alitazama magogo. "Nilivaa, nikafika hapa. Kila nikiinua mguu nivuke, namwona yuko upande huo na koti lake, ananingoja. Nikasema nikivuka nitamwambia nini. Nikakaa." Akavuta pua. "Miguu mizima, ndiyo hiyo haivuki magogo matatu."

"Afisa amesema unaweza kuandika barua. Mpaka mwisho wa mwezi."

"Barua ni ya serikali. Hiyo tutaiona." Akainuka kwa kushika nguzo. Bi Matuta alipotaka kuvuka amsaidie, akamwonyesha kiganja, basi akabaki alipo. Wakasimama hivyo, mfereji mkavu katikati yao, upana wake hatua nne.

"Sijakusamehe," alisema Bi Ng'ambo. "Usije ukaenda kumwambia mkweo nimekusamehe."

"Simwambii."

"Kuna miaka ishirini na miwili ya mdogo wangu ambayo mimi siijui. Alikuwa anakula nini, anacheka na nani. Kama mvi zilianzia mbele au nyuma. Wewe ndiye pekee uliye nayo." Akaurekebisha mkoba wake begani, akageuka kuelekea nyumbani, kisha akasimama bila kutazama nyuma. "Njoo Alhamisi. Uje asubuhi, ukae mpaka jioni. Na Alhamisi ikiisha hujamaliza, uje tena."